Mara ya Mwisho Uliziona Lini?

Dukani kwangu Tandika, kipimo cha mimba ni bidhaa ambayo watu hawaitaji kwa jina. Msichana anasubiri mpaka wateja wengine waishe, halafu ananyoosha kidole kwenye kabati la kioo: "Dada, naomba kile." Wengine wanaandika kwenye simu na kunigeuzia kioo nisome. Mama mtu mzima ataniambia ametumwa na jirani. Vijana wa kiume wananunua kwanza panadol, wanatoka, wanazungukazunguka nje kwenye meza za nyanya, ndipo wanarudi kuuliza walichokijia. Simcheki yeyote, na binti anayenisaidia dukani nimemkataza kabisa kutabasamu. Mtu akifika pale mbele ya kabati, ujue ana siku kadhaa hajalala vizuri.

Nimeuza dawa miaka mingi sasa. Nilichokiona ni kwamba maumivu mengi ya jambo hili yanatokea katika zile siku za katikati, mtu akiwa amekosa siku zake lakini bado hajajua kwa nini. Hapo ndipo hofu inapomtuma, na kila anayemwamini anampa kitu cha kunywa. Naandika haya kwa ajili ya mdogo wangu anayehesabu vidole usiku huu chumbani Mbagala, au Manzese, au hosteli, huku mwenzake wa chumba amelala. Kazi yako ya kwanza ni kujua. Mambo mengine yote, ya nyumbani, ya mwanaume, ya chuo, yana zamu yake baada ya hapo.

Kuna binti mmoja alinifanya nilione hili kwa macho yangu. Alikuja kuuliza "dawa ya kurudisha siku". Ndivyo inavyoitwa mitaani, na sote tunajua mtu anaomba nini. Nikamwambia siuzi kitu kama hicho, nikamuuliza kama amepima. Akasema hana haja ya kupima, anajijua, anatapika kila asubuhi. Akaondoka kabla sijamaliza kuongea. Siku chache baadaye mama yake mdogo alikuja kununua maji ya chumvi na sukari ya kuzuia kuishiwa maji, akanieleza kilichotokea. Binti alikunywa mchanganyiko alioelekezwa na rafiki yake, sitautaja hapa ili nisimfundishe mtu. Alitapika na kuharisha mpaka akabebwa kwenda hospitali. Kule walimpima mimba kabla ya kumpa dawa, kama wanavyofanya mara nyingi kwa mwanamke wa umri wake. Hakuwa na mimba. Hakuwahi kuwa nayo mwezi ule. Kichefuchefu cha asubuhi kilikuwa cha hofu na cha kutokula. Alikaribia kufa kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwepo, na kipimo cha kumwambia hivyo kilikuwa kwenye kabati langu, bei yake haifiki nauli ya bajaji iliyompeleka hospitali.

Ndiyo maana kabla sijampa mtu kipimo namuuliza: mara ya mwisho uliziona lini?

Wengi hawajui. "Mwezi uliopita, katikati hivi." "Wiki ile ya mvua." Hakuna aliyewafundisha kuandika, na wanaona aibu kwamba nimewauliza. Njia ya kuwasaidia niliipata kwa bahati tu. Mama mmoja wa Kiislamu alikaa kwenye benchi langu akikuna kichwa, hana tarehe hata moja, mpaka nilipomuuliza, "Ramadhani ulikula siku ngapi?" Akajibu palepale: alikula kwenye kumi la mwisho, alidaiwa siku tano, ameshalipa mbili. Tukahesabu kutoka hapo. Tangu siku hiyo nampa kila mtu kitu cha kushikia kumbukumbu. Idd ulikuwa unaswali au ulikuwa nazo? Mlipokwenda Sabasaba ulibeba pedi? Mshahara ulipotoka? Siku ile maji yalipojaa Jangwani na mwendokasi ukasimama? Kila mwanamke anazo tarehe, ila zimejificha ndani ya mambo mengine.

Tarehe ina maana kwa sababu kipimo hakisomi mawazo. Kinatafuta homoni moja kwenye mkojo, hCG, na mwili hauanzi kuitengeneza siku mliyokutana. Yai lililorutubishwa husafiri kwanza, likajipachika kwenye ukuta wa mji wa mimba kati ya siku ya 6 na ya 12 baada ya yai kutoka, ndipo homoni inaanza kupanda. Kwa hiyo aliyekutana na mwanaume Jumamosi akaja kupima Jumatano atapata mstari mmoja hata kama mimba inatungwa saa ileile, atafurahi, na furaha ile itamchelewesha. Anayejua tarehe zake apime kuanzia siku ya kwanza ambayo hedhi ilitakiwa ije ikakosa. Ambaye siku zake hazieleweki, ahesabu siku 21 tangu mara ya mwisho alipokutana na mwanaume bila kinga. Jibu likiwa hapana na hedhi bado haijaja, arudie baada ya wiki moja.

Na kukitumia kwenyewe kuna mambo madogo yanayoharibu jibu. Mkojo wa asubuhi ndio mzito, kwa hiyo ndio mzuri. Aliyekunywa chupa nzima ya maji ili akojoe haraka amejipunguzia. Chovya mpaka kwenye alama, usiizidi. Soma kwa dakika zilizoandikwa kwenye pakiti, kwa kawaida tatu hadi tano. Mstari wa C lazima uonekane, usipoonekana kipimo kimekufa, tafuta kingine. Mstari wa T ukionekana ndani ya muda huo, hata ukiwa hafifu kama penseli, ni mimba. Ila ukikitupa kwenye ndoo na kukirudia jioni, mstari utakaouona usiuamini. Jambo jingine ni joto la mji wetu. Vipimo hivi vinatakiwa kukaa chini ya nyuzi 30, na nimewahi kumkuta kijana anakiweka kwenye dashibodi ya gari tangu wiki iliyopita, "nikisubiri akubali." Nilimpa kipya.

Sukari, chumvi, dawa ya meno, sabuni: vyote hivyo vikichanganywa na mkojo vinatoa povu au havitoi, kutegemea mkojo una asidi kiasi gani siku hiyo. Mwanaume naye akikojolea dawa ya meno inatoa povu. Sina maneno mengi zaidi kuhusu hilo, isipokuwa kwamba linaniuma kuona mtu anakesha akiangalia kikombe cha chumvi.

Sasa, mtu amepima kwa wakati wake, jibu ni hapana, na siku bado hazijaja. Hapa wengi hawaniamini. Wanadhani kipimo kimekosea, kwa sababu wamefundishwa kwamba kukosa siku ni mimba basi. Ninawaeleza hivi. Hedhi huja kama wiki mbili baada ya yai kutoka, na muda huo haubadiliki sana. Kinachobadilika ni yai lenyewe kutoka mapema au kuchelewa. Mwanafunzi aliye kwenye mitihani, anayelala kwa muda wa saa tatu tu usiku na kula chipsi kavu mara moja kwa siku, mwili wake unaweza kuahirisha yai. Yai likichelewa wiki mbili, hedhi nayo itachelewa wiki mbili. Homa kali inaweza kufanya hivyo, kufiwa kunaweza, kupungua uzito kwa haraka kunaweza. Na hofu yenyewe ya kuwa na mimba inaweza kuongeza siku za kuchelewa, jambo ambalo naliona ni ukatili wa mwili, lakini ndivyo ulivyo.

Halafu kuna P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba. Wasichana wa mjini wanaijua P2 kuliko wanavyoijua tarehe yao, na sehemu kubwa ya wanaokuja kunililia kwamba wamekosa siku ni wale niliowauzia P2 wiki tatu nyuma. Dawa ile kazi yake ni kuchelewesha yai lisitoke. Inamezwa ndani ya saa 72 tangu mkutane bila kinga, na saa za mwanzo ndizo zenye nguvu zaidi. Yai likiwa limeshatoka, haina la kufanya, na mimba ikiwa imeshaingia, haiitoi. Ila ukiichezea homoni, hedhi nayo inaweza kuja mapema au kuchelewa. Kuchelewa siku kadhaa baada ya P2 ni jambo la kawaida. Kukizidi wiki moja, pima. Na aliyemeza P2 Jumapili akakutana tena na mwenzake Alhamisi bila kinga, ile ya Jumapili haimlindi. Nilikuwa naona haya kuwaambia wateja maneno hayo. Sasa nawaambia wote, mwanamke na mwanaume, pesa ikiwa bado mkononi. Na anayetumia dawa za kifua kikuu au baadhi ya dawa za VVU aseme kabla ya kununua, maana zipo zinazopunguza nguvu yake. Kwa huyo nesi wa uzazi wa mpango anaweza kumshauri kitanzi cha madini ya shaba, ambacho kikiwekwa ndani ya siku 5 kinazuia mimba kuliko kidonge.

Kwa kina mama waliozaa habari ni nyingine kabisa. Aliyechomwa sindano ya miezi mitatu anakosa siku, anaambiwa na jirani kwamba damu imeganda tumboni. Hakuna damu iliyoganda. Sindano inaufanya ukuta wa mji wa mimba uwe mwembamba, hakuna cha kutoka. Akiiacha, siku zake zinaweza kuchukua miezi mingi kurudi, pengine karibu mwaka. Lakini asidhani kwamba kwa kuwa hazijarudi hawezi kushika mimba. Ni hivyohivyo kwa anayenyonyesha. Kunyonyesha kunamkinga vizuri mama ambaye mtoto wake hajafika miezi 6, ananyonya maziwa ya mama tu, usiku na mchana, na siku zake hazijaonekana. Kimoja kati ya hivyo kikivunjika, kinga imevunjika. Yai hutangulia kutoka, hedhi hufuata baadaye, kwa hiyo mama anaweza kushika mimba bila kuziona siku zake hata mara moja tangu ajifungue. Nimewaona wanakuja na mtoto wa miezi tisa mgongoni, wanalalamika gesi tumboni, kumbe mimba ina miezi minne.

Nami yamenifika. Mwaka niliofikisha miaka 42 siku zangu hazikuja. Binti yangu mkubwa alikuwa chuoni, mdogo wake anajiandaa na mtihani wa kidato cha nne. Vidonge vya majira niliviacha kwa ushauri wa daktari baada ya presha yangu kupanda, tukawa tunatumia kondomu, na kondomu hupasuka. Wifi yangu alinipokea vizuri habari hiyo: "Wifi, hiyo si kitu, umeshakoma. Hata mimi zilianza kurukaruka hivyohivyo." Nilitamani sana awe sahihi. Nilikuwa nasikia joto usiku, nachoka, sipati usingizi, na vyote hivyo ni dalili za kukaribia kukoma kama vilivyo dalili za mimba. Lakini mwanamke hahesabiwi amekoma mpaka amalize miezi 12 mfululizo bila kuona, na wengi hufika huko kati ya miaka 45 na 55. Kabla ya hapo yai linaweza kutoka mwezi wowote linaoutaka. Nilikuwa nawaambia wateja maneno hayo kila wiki.

Nilipima alfajiri, watu wa nyumbani bado wamelala. Mistari miwili, iliyoiva. Niliketi juu ya ndoo bafuni mpaka adhana ikaisha. Nilikuwa na mume wangu wa ndoa, nina nyumba ya kulala na kazi yangu, sikuwa na yale ya kumtisha mwanafunzi, na bado nilitetemeka. Niliona aibu. Nilimwona binti yangu usoni kwangu, nikawasikia majirani wakisema mama anashindana na wanawe kuzaa. Siku nzima dukani niliwapa watu chenji vibaya. Mume wangu nilimwambia usiku, taa zimezimwa, kwa sababu sikutaka kuuona uso wake kwanza. Alinyamaza muda mrefu, halafu akaniuliza presha yangu ikoje. Swali lile lilinipa nguvu kuliko angeniambia maneno matamu.

Binti yangu hakulipokea hivyo. Kwenye simu alisema, "Mama, nitawaambia nini wenzangu?" akakata. Iliniuma. Lakini alikuwa na miaka 20, na wakati ule alikuwa anaona maisha yake tu, kama inavyostahili kwa umri ule. Mwisho wa mwezi alikuja nyumbani, akaniambia anataka twende naye kliniki. Tukapanda daladala pamoja, yeye amebeba mkoba wangu, na mapokezi yule dada akadhani aliyekuja kufungua kadi ni yeye. Tulicheka wote wawili mpaka watu wakatugeukia. Walinipima presha, damu, sukari, VVU na kaswende, wakaniandikia vidonge vya kuongeza damu, wakaniambia waziwazi kwamba kwa umri wangu na presha yangu nisikose tarehe hata moja. Kwa sababu nilikwenda kabla ya wiki ya 12, walikuwa na nafasi ya kunibadilishia dawa ya presha ile niliyokuwa natumia, maana nyingine hazimfai mjamzito. Mwanangu wa mwisho sasa yuko chekechea.

Kilichobadilika baada ya hapo ni jinsi ninavyokaa na mteja. Zamani nilimpa kipimo na maelekezo. Sasa nikimwona hali yake, namfungulia mlango wa choo cha nyuma, namwambia nitakuwa hapa, ukimaliza tukisome pamoja. Wengine wanakataa. Wanaokubali, sijawahi kuona hata mmoja aliyejutia kuwa na mtu pembeni kwa dakika zile tano.

Kuna hatari moja ambayo nataka kila mtu aijue, hata asiposoma sehemu nyingine. Mama lishe mmoja wa pale sokoni alipima, mstari wa pili ukatoka hafifu. Baada ya siku kadhaa akaona damu kidogo, ya rangi ya kahawia, akasema basi, zimekuja zenyewe, nimepona. Alikuja kwangu kununua diklofenaki ya tumbo. Nikamuuliza linauma wapi. Akashika chini, upande mmoja, wa kulia. Nikamuuliza kama kuna kwingine, akasema hata bega, ila hilo ni la kubeba masufuria. Midomo yake ilikuwa imepauka. Sikumuuzia. Nilifunga duka, nikaita bajaji, nikakaa naye nyuma nikimshika kichwa. Mimba ilikuwa imetunga kwenye mrija, nje ya mfuko wa uzazi, na mrija umeshapasuka. Damu inapomwagika ndani ya tumbo inaweza kuleta maumivu begani, ndiyo maana bega lilikuwa linamuuma. Alifanyiwa upasuaji usiku uleule, akaongezewa damu, akapona. Mimba ya namna hiyo haiwezi kukua wala kuhamishiwa mahali pake. Aliyekosa siku, au aliyepima akakuta mimba, kisha akapata maumivu makali ya upande mmoja, damu isiyoeleweka, kizunguzungu au kuzimia, asinunue dawa ya maumivu. Aende hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, na aanze kusema "nimekosa siku zangu". Mwenye kitanzi aliyekosa siku naye asisubiri: kitanzi kinazuia mimba vizuri sana, lakini ile chache inayopenya ina uwezekano mkubwa zaidi wa kutunga nje.

Wale wanaoomba dawa ya kurudisha siku bado wanakuja, na najua wengine wakitoka kwangu wanakwenda kwa mwingine. Sheria yetu inakataza kutoa mimba isipokuwa kuokoa maisha ya mama. Mimi sigombi na mtu dukani. Ninachomwambia aliyekwisha kunywa au kufanyiwa kitu ni hiki: ukitoka damu ya kulowesha pedi moja baada ya nyingine, ukipata homa, ukisikia harufu mbaya, nenda hospitali. Huduma ya mimba iliyoharibika ipo. Mwambie daktari kweli ulichotumia, kwa sababu anakutibu kutokana na kile unachomwambia. Wanaofariki wengi ni waliojificha ndani wakiogopa kuulizwa.

Na mwanafunzi. Mama mmoja alimleta binti yake wa kidato cha pili, amemshika mkono kama polisi, akaniambia mpime mbele yangu. Nilimwomba mama atoke kidogo, akakataa, nikamwomba tena. Nilipobaki na yule mtoto, hakusema "mpenzi wangu". Alisema ni mpangaji mwenzao, mtu mzima. Kipimo kilionyesha mimba. Mama alipiga yowe moja: "Shule imekwisha!" Nikamkalisha. Nilimwambia tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni, kwa hiyo shule haijaisha, imesimama. Nilimwambia pia kwamba mtoto wake ana umri mdogo, kisheria hilo ni kosa la yule mwanaume, na kumpa mimba mwanafunzi kuna kifungo cha miaka 30. Palepale njama ikaanza: yule mpangaji ana pesa, ameshaanza kuongea na baba. Niliwaelekeza Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na hospitali kwanza, kwa sababu mwili wa miaka 15 unahitaji kliniki mapema kuliko wangu wa miaka 42. Sijui wazazi wale walimalizana vipi kuhusu yule mpangaji. Binti alijifungua salama, akakaa mwaka, na shangazi yake ndiye aliyesimama mpaka akarudishwa darasani.

Nimebakiza wale ambao mimba haipo na siku hazirudi. Hawa wanasahaulika, kwa sababu mstari mmoja ukishatoka hofu inaisha na kila mtu anaendelea na maisha. Dada mmoja mshonaji alinunua kipimo kwangu mwezi baada ya mwezi, kila mara hapana, kila mara anaondoka akishukuru. Mwisho nilimwambia, dada, miezi mitatu sasa, hiyo nayo ni habari, nenda ukaonwe. Alikutwa na tatizo la tezi ya shingo, akaanzishiwa dawa, na siku zikarudi. Wengine wanakutwa na uvimbe mdogomdogo kwenye ovari, wengine na homoni ya maziwa iliyopanda, wengine ni uzito tu. Ukikaa miezi mitatu bila kuona na huna mimba, au mzunguko wako kila mara unazidi siku 35, nenda hospitali. Beba tarehe zako zilizoandikwa, na majina ya dawa zote unazotumia, pamoja na sindano au kijiti. Mwambie daktari kama nywele zinakuota kidevuni, kama chuchu zinatoa maziwa na hunyonyeshi, kama uzito umepanda au kushuka bila sababu, kama kichwa kinauma na macho yanafifia. Hata usipoulizwa, yaseme.